Kidingapopo na Neno la Mavyaa



Dada zangu, yako makosa ambayo mtu huyafichika kwa haya, na yako ambayo kuyaficha ni dhuluma, kwa kuwa mwenzako huenda akatumbukia katika shimo lile lile ambalo wewe ulijua lilipo. Hili langu nimelifichika kwa miaka kadhaa. Leo naliweka wazi kwa idhini ya binti yangu na ya mavyaa wangu, kwani wote wawili wamo ndani yake.

Ilikuwa Shaaban, mwezi wa Machi mwaka 2021. Nyumba yetu hapa Mombasa ilikuwa katika pirikapirika za kuupokea mwezi mtukufu: mapazia yanafuliwa, mchele unapepetwa, bizari inasagwa, na kubwa kuliko yote, maji yanawekwa. Mfereji wa mtaani kwetu hutoa maji siku mbili ukakauka siku tano, kwa hivyo kila chombo chenye tumbo tulikijaza: mapipa, mitungi tuliyouziwa na watu wa mikokoteni, ndoo, hata sufuria kubwa za pilau. Jioni moja binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alirejea kutoka madrasa akiwa na homa kali. Kichwa kilimgonga nyuma ya macho, mgongo na viungo vikamlegea, na chakula hakutaka hata kukiona.

Mavyaa wangu ni mzaliwa wa Amu, mtu mzima aliyelea watoto wake na wa wenziwe. Alimgusa mjukuu wake paji la uso, akatikisa kichwa. "Dalili zote ni za kidingapopo," alisema.

Nami nikakumbuka. Mwaka 2013, homa ilipoenea Mombasa hata ikawa hakuna nyumba isiyo na mgonjwa, binti huyu alikuwa na miaka sita, naye aliugua wiki nzima. Karatasi ya maabara ya wakati ule nilikuwa nayo katika bahasha ya vyeti vyake. Nikaitoa, nikamsomea mavyaa: homa ya dengi, kingamwili zimeonekana.

"Ikiwa alishaupata, basi huu siwo," mavyaa akasema kwa utulivu. "Kidingapopo hakimrejei mtu, mwanangu. Mimi kilinishika Amu mwaka wa 2004, nikatambaa kwenda msalani kama mtoto mchanga. Na ulipokuja mwaka huo wa homa hapa Mombasa, nyinyi nyote mlilala, mimi niliwauguza na wala hakikunigusa."

Ushahidi gani mwingine ningeutaka? Nilikuwa na karatasi mkononi na neno la mtu mzima niliyemheshimu, nayo yalikubaliana. Tukampima malaria katika duka la dawa, hakuwa nayo. Hizo zilikuwa zama za Korona, na kila mtu aliogopa kwenda hospitali na homa asije akatengwa na watu wake. Nikaamua kuwa ni homa ya kupita. Kwa kuwa maumivu yalimliza mtoto, nikanunua vidonge vya diklofenaki, vile vile ninavyotumia mimi mgongo ukinisumbua, nikampa asubuhi na jioni.

Siku ya tano homa ikashuka. Nyumba nzima ilishukuru. Nilimpikia uji wa mchele, nikamfungulia dirisha, nikarudi kwenye shughuli zangu. Ilipofika alasiri alisema tumbo linamkata. Akatapika mara moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mikono yake ilikuwa baridi, nami nikafurahi kwa ujinga wangu nikidhani ni dalili ya homa kuisha. Alipopiga mswaki, mate yalitoka na damu. Baada ya adhana ya Magharibi alisimama ili akatawadhe, akaanguka mlangoni mwa choo.

Hospitalini daktari alimtazama, akamfinya kidole kuona damu inarudi kwa kasi gani, kisha akaniuliza swali la kwanza: "Amepewa dawa gani?" Nikaitaja. Hakunikaripia, aliinama tu akaandika, na kule kuinama kwake kulinichoma zaidi kuliko karipio. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeshuka mno, na maji ya damu yalikuwa yakivuja kutoka mishipani kuingia tumboni. Ndiyo maana mikono ilikuwa baridi: damu iliyobaki ilikuwa imekimbilia moyoni na kichwani. Walimtia maji ya mshipani kwa kipimo, wakimkagua usiku kucha, kwani yakipungua ni hatari na yakizidi ni hatari. "Saa za hatari za ugonjwa huu, mama," daktari aliniambia, "ni pale homa inaposhuka. Watu hushangilia wakati ambao wangepaswa kukimbia kuja kwetu."

Kabla ya alfajiri alikojoa. Sikujua hapo awali kwamba mama anaweza kusujudu kwa furaha kwa sababu mwanawe amekojoa.

Majibu ya damu yaliletwa asubuhi. Daktari akaniambia kwamba ni dengi, na kwamba dalili zote zaonyesha ni mara yake ya pili. Nikamjibu kama mtu anayemkosoa mwalimu: "Lakini daktari, huu haurudi." Akanitazama. "Uko wa aina nne," alisema, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Maneno hayo nilitembea nayo siku mbili. Siku ya tatu mwana wa dada yangu, ambaye ni mtaalamu wa maabara, alikuja kumtazama mgonjwa akiwa na madafu. Nikamwonyesha karatasi zote mbili, ya mwaka 2013 na hii mpya, nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, na mengine niliyosoma baadaye, kwa sababu sikutaka tena kubeba karatasi nisiyoielewa.

Virusi vya dengi ni ndugu wanne, na wataalamu huwaita kwa nambari: aina ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa sura na dalili hawatofautiani, na wote huletwa na mbu yule yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana. Lakini mwili huwajua kila mmoja peke yake. Aliyeugua aina ya kwanza hupata kinga dhidi ya hiyo, na inaaminika kuwa hudumu maisha yake yote. Kinga dhidi ya wale watatu waliobaki ni ya miezi michache tu, kisha huyeyuka. Wa kwanza kulithibitisha hilo alikuwa Albert Sabin wakati wa Vita Vikuu vya Pili, pale askari wa Marekani walipokuwa wakiugua kwa wingi katika visiwa vya Pasifiki. Aligundua kwamba waliopona homa ya virusi vilivyotoka Hawaii hawakuugua tena walipoambukizwa vile vile, lakini waliweza kuugua walipoambukizwa vilivyotoka New Guinea. Hizo ndizo zikaitwa aina ya kwanza na ya pili. Aina ya tatu na ya nne zilipatikana Ufilipino katika miaka ya 1950.

Kwa hivyo karatasi yangu ya mwaka 2013 haikusema uongo. Ilisema binti yangu amekutana na mmoja katika wale wanne. Mimi niliisoma kana kwamba amekutana na wote.

"Na mbona haikusema ni yupi?" nilimuuliza kijana.

"Khalati, kipimo kile hakiwezi," akanijibu.

Akanieleza kwamba kuna njia mbili za kumtafuta mgeni aliyeingia nyumbani. Ya kwanza ni kumtafuta mgeni mwenyewe. Katika siku tano hivi za mwanzo, virusi vimo katika damu, na maabara yenye mitambo inaweza kusoma maumbile yake na kusema ni aina ya ngapi. Kuna pia kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya virusi iitwayo NS1, lakini hicho husema tu ni dengi, hakitaji nambari. Njia ya pili ni kuangalia nyayo alizoacha, yaani kingamwili, zile askari ambazo mwili huziunda ili kupambana naye. Kingamwili za mwanzo, ziitwazo IgM, huanza kuonekana siku ya nne au ya tano. Za baadaye, ziitwazo IgG, huja polepole na kukaa miaka mingi. Lakini mtu akiugua mara ya pili, IgG hupanda haraka na kwa wingi tangu siku za mwanzo, huku IgM zikiwa hafifu. Ndivyo ilivyokuwa karatasi ya binti yangu, na ndiyo sababu daktari akajua kwamba si mara ya kwanza.

Shida ni kwamba ndugu hao wanne wamefanana mno. Kingamwili iliyoundwa kwa ajili ya mmoja humshika pia mwenzake, ingawa si kwa nguvu ile ile. Hufika hata kuwashika binamu zao, kama vile virusi vya homa ya manjano na vya Zika. Hivyo mtu aliyechanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari anaweza kupimwa akaonekana ana nyayo za dengi, naye hajapata kuugua dengi hata siku moja.

Ili kutofautisha aina kwa kutumia kingamwili, iko kazi moja ndefu, nayo nilipoelezwa ilinikumbusha jinsi bibi zetu walivyojaribu rangi ya leso kwa kuifua tena na tena. Mtaalamu huchukua maji ya damu ya mgonjwa, akayapasha joto la nyuzi 56 ili kuondoa yasiyotakiwa, akayazimua kwa hatua: sehemu moja kwa kumi, kisha kwa arubaini, kisha kwa mia na sitini, na kuendelea. Kila hatua huigawa katika vyombo vinne, na kila chombo hukitia virusi vya aina moja anayoijua. Huviacha vikutane kwa muda, kisha huumimina mchanganyiko juu ya seli hai zilizotandazwa kama kitambaa na kufunikwa kwa kitu mfano wa jeli. Baada ya siku kadhaa hutia rangi na kutazama. Palipo na virusi vilivyosalimika, kitambaa kile huwa kimetoboka vitundu vitundu. Huvihesabu. Ikiwa maji ya damu ya mtu huyu, hata yakizimuliwa sana, bado yanazuia vitundu vya aina ya pili, lakini kwa nyingine tatu yanashindwa mapema, basi aliugua aina ya pili. Kipimo hiki kwa virusi vya dengi kilielezwa na Philip Russell na Ananda Nisalak mwaka 1967, nao walikuwa wakifanya kazi Bangkok.

Hata hivyo nacho kina mpaka wake. Kwa mtu aliyeugua mara moja, jibu huwa safi. Kwa aliyeugua mara mbili, kingamwili huwa zimetanuka, zinawazuia wengi kwa pamoja, na mara nyingine zinazopanda juu zaidi ni za ugonjwa wa kwanza na si za huu wa sasa, kwa sababu mwili hukumbuka adui wa mwanzo na kumpigia kelele yeye. Tena ni kazi ya siku nyingi na ya maabara chache, kama zile za taasisi ya utafiti ya KEMRI. Si kipimo cha kumwokoa mgonjwa aliyeko kitandani. Faida yake ni kuujulisha mji ni aina zipi zimepita kwake, na ni akina nani walio katika hatari ya nyingine.

Na hatari hiyo ipo. Kwa ghalibu mtu angetaraji kwamba aliyekwisha kuugua mara moja ataugua kidogo mara ya pili. Kwa dengi inaweza kuwa kinyume. Kingamwili za zamani humtambua mgeni mpya kuwa ni wa ukoo ule ule, humkamata, lakini hazina nguvu ya kumfunga. Ziko seli za mwili ambazo kazi yake ni kumeza chochote kilichokamatwa na kingamwili. Zikammeza naye yuko hai, na humo ndani ndimo alimotaka kuingia. Ni kama mlinzi anayemshika mwizi mkono, kisha akamtia mwenyewe ndani ya nyumba.

Mfano ulio mashuhuri ni wa kisiwa cha Cuba. Mwaka 1977 ilipita huko aina ya kwanza, watu wengi wakaugua kwa wepesi. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili. Waliougua walizidi 344,000, wakafa 158, na kati yao 101 walikuwa watoto. Si kila anayeugua mara ya pili hufikia hapo, na aliye wengi hupona, alhamdulillahi. Lakini anayesema "huyu alishaugua, tumwache" anapaswa kujua kwamba huenda huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Jambo hili hili liliwatikisa Wafilipino. Mwaka 2016 serikali yao ilianza kuwachanja watoto wa shule kwa chanjo iitwayo Dengvaxia, wakachanjwa zaidi ya 800,000. Mwishoni mwa mwaka 2017 watengenezaji wakatangaza kwamba mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, akichanjwa kisha akaambukizwa, huenda akaugua vibaya zaidi. Chanjo ilikuwa imesimama mahali pa ugonjwa wa kwanza. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri kuwa mtu apimwe kingamwili kabla ya kupewa chanjo ile. Nilipolisoma hilo nilifahamu kwamba swali la "umeshawahi kuugua?" si swali la gumzo.

Sasa nije kwa mavyaa wangu, kwa maana nilibaki na kitendawili. Neno lake nililiona limekosea, lakini maisha yake yalilithibitisha. Aliugua mwaka 2004, akauguza nyumba nzima mwaka 2013, hakuguswa. Nilimuuliza kijana wetu, naye akaniuliza swali moja tu: "Vidole vyake bado vinamuuma asubuhi?"

Vinamuuma. Tangu 2004 hawezi kukuna nazi wakati wa baridi bila ya kuvikanda kwanza.

Homa iliyoipiga Lamu mwaka 2004 haikuwa dengi. Ilikuwa chikungunya. Uchunguzi wa kingamwili uliofanywa kisiwani Oktoba mwaka ule ulikuta kwamba watu 75 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na nyayo zake, na ikakadiriwa kuwa walioambukizwa walifika zaidi ya 13,000. Kutoka hapo ikaenda Mombasa, Ngazija, na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 huko Newala, Tanganyika. Huletwa na mbu yule yule, na huanza kwa homa ile ile, lakini virusi vyake ni vya ukoo mwingine kabisa. Navyo havina ndugu wanne: anayeugua mara moja, kwa kadiri ijulikanavyo, hapati tena. Kingamwili zake hazimkingi mtu na dengi, wala za dengi hazimkingi na chikungunya.

Basi mavyaa alisema kweli. Alisema kweli ya ugonjwa wake, nasi tukaivika ugonjwa wa mjukuu wake, kwa sababu magonjwa mawili yalikuwa yamevaa jina moja. Nao huo mkanganyiko haukuanza nyumbani kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati homa ya viungo ilipoenea huko mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka nyingine kama hiyo ya karibu mwaka 1823. Wako wanaosema kwamba ni katika jina hilo la Kiswahili ndimo lilimotoka neno dengue linalotumika duniani kote. Na mwaka 1971 mwanachuoni Donald Carey akaonyesha kuwa, kwa dalili zilizoandikwa, hasa yale maumivu ya viungo yasiyoisha, huenda homa ile ya Unguja ilikuwa chikungunya. Jina likasafiri na kuukalia ugonjwa mwingine. Wahenga wetu hawakuwa na maabara. Sisi tunazo.

Kilichonielemea ni namna ya kumwambia. Mavyaa alikuwa amekonda tangu usiku ule. Hakuna aliyemlaumu, lakini yeye alijilaumu, na kila Ijumaa alitoa sadaka kwa nia ya mjukuu wake bila ya kusema kwa nini. Niliogopa kwamba nikinyamaza atabaki na mzigo, na nikisema nitakuwa ninamvunjia heshima mbele ya watoto. Usiku mmoja baada ya Isha, tulipokuwa wawili tu, nikamkanda vidole kwa mafuta ya nazi, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Nikamwambia pia lililo zito kwangu: kwamba vidonge nilivinunua mimi, na karatasi niliisoma mimi niliyekwenda shule.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Basi mimi dengi sijapata kuipata?"

"Hatujui, mama. Huenda hata mara moja hujaipata, huenda uliipata usijue. Wengi huambukizwa wasihisi kitu."

"Basi na mimi nifunikiwe mtungi wangu," alisema. Tukacheka, na nikaona uso wake umefunguka.

Dada zangu, sikuandika haya ili muwe wataalamu wa maabara. Nimeandika kwa sababu mji wetu si mgeni wa ndugu hawa wanne. Mwaka 1982 aina ya pili ilipatikana Malindi. Katika mlipuko wa 2013 na 2014 zilipatikana Mombasa aina ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wachunguzi waliopita nyumba kwa nyumba mtaani Tudor Mei 2013 waliwapima watu 1,500, wakakuta takriban 13 kwa kila 100 wana dalili za maambukizi mapya au ya zamani. Hivyo wengi katika watoto wetu tayari wanabeba nyayo za mmoja, na milango mitatu iko wazi.

Tumeamrishwa katika dini yetu kwamba ikitufikia habari tuihakikishe kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta. Nami naona karatasi ya maabara ni habari katika habari. Ukipewa, uliza: damu imechukuliwa siku ya ngapi ya homa? Kimetafutwa kirusi chenyewe au kingamwili? Kama ni kingamwili, ni za sasa au za zamani? Na wewe umweleze daktari kama mgonjwa aliwahi kuugua, na kama aliwahi kuchanjwa homa ya manjano. Iweke karatasi hiyo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Usiitupe, na usiifanye hirizi.

Homa isiyojulikana, mpe mgonjwa paracetamol kwa kipimo chake na vinywaji kwa wingi: madafu, uji, maji ya chumvi na sukari. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni mziweke mbali mpaka dengi iondolewe shaka, kwani huongeza kutokwa na damu. Na homa ikishuka, usirejee jikoni. Kaa naye siku mbili. Tumbo likimkata, akitapika bila kukoma, ufizi au pua ikitoka damu, mikono ikipoa, au akilegea na kuzubaa, usingoje mume arudi wala kupambazuke.

Na maji yetu. Mbu huyu kwa kawaida hatagi katika mtaro mchafu. Hupenda maji safi, yaani yale tunayoyahangaikia. Inasemekana homa ile ya Lamu ilishamiri kwa sababu ulikuwa wakati wa ukame, watu wakaweka maji majumbani kwa muda mrefu bila ya kuyabadilisha. Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tufunike vyombo na kufunga vinywa vya viriba, na waliotutangulia walilifuata hilo bila ya kumwona mbu chini ya kioo. Nyumbani kwetu sasa kila pipa lina kitambaa kilichofungwa kwa kamba, kila Ijumaa kabla ya kuoga tunayasugua mapipa kwa ndani, kwa kuwa mayai hung'ang'ania ukutani hata maji yakimwagwa, na vifuu vya nazi na matairi ya zamani vimeondoka uani. Kazi ya kukagua vifuniko aliitaka mavyaa mwenyewe. Huzunguka na bakora yake baada ya Alasiri, naye haachi hata ndoo ya kudekia.

Binti yangu yu mzima, na anasema akimaliza masomo anataka kazi ya maabara. Mwenyezi Mungu amjaalie. Atuhifadhie watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, awape umri na afya wazee wetu, na atujaalie tuwe watu wa kuuliza kabla ya kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.